Kabla hujasema ndiyo: namna ya kupima kinachokuvuta kwa mtu

Nafundisha baiolojia kidato cha tatu na cha nne hapa Tanga, na nyumbani kwetu Ngamiani mimi ndiye somo, yaani mfundaji, wa mabinti wa ukoo. Swali ni lile lile kote kuwili. Darasani mtoto ananyoosha mkono: "Mwalimu, ni homoni gani inayofanya mtu apende?" Nyumbani linakuja usiku, mlango ukiwa umeshindikwa: "Shangazi, amenikaa moyoni, ila sijui kama ni yeye kweli au kuna kitu kingine." Wavulana nao wanauliza, hasa waliokwisha kumaliza shule wakapata kibarua bandarini au pikipiki ya abiria, na sasa wazee wao wanawahimiza waoe.

Ninawajibu hivi. Mwili una njia zake za kuvutwa, nazo ni za zamani kuliko kabila au mji wowote. Watu waliokulea na wanaokutazama nao wamekufundisha kipi ni kizuri tangu hujajua kusoma. Mambo hayo mawili yanapofika moyoni huwezi kuyatofautisha kwa kusikiliza tu. Inabidi kuyapima, moja baada ya jingine, na hapa nitaeleza namna ninavyowaelekeza wanangu. Tafuta daftari ambalo hakuna mwingine atakayelisoma. Omba muda, miezi miwili hivi, kabla posa haijapokewa. Wazee wetu wana desturi nzuri ya kusema "tupeni siku tukaulizie", nawe zitumie siku hizo hizo. Tafuta pia mtu mzima mmoja ambaye hana analotarajia kutoka katika ndoa hiyo, awe ndiye wa kuzungumza naye. Mara nyingi huyo si mama yako, kwa kuwa mama ana matumaini yake katika jambo hili na ana haki nayo.

Andika tukio, acha vigezo

Kijana ukimwambia aandike anachopenda kwa mtu, anaandika vigezo: mrefu, mcha Mungu, msomi, ana kazi, hanywi. Orodha kama hiyo inasema vizuri ulichofundishwa kutaka. Haisemi nani atakuvuta. Mwaka 2008 Paul Eastwick na Eli Finkel wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walichapisha utafiti ambao ndani yake wanafunzi waliandika kwanza sifa wanazozitaka, kisha wakakutanishwa ana kwa ana, dakika chache chache, na watu wasiowafahamu. Sifa walizoandika hazikusaidia kutabiri walimpenda nani walipokaa naye meza moja. Waliosema wanajali kipato hawakuvutwa na wenye kipato kuliko wenzao, na waliotilia mkazo sura hawakuongozwa na sura kuliko wengine.

Basi iweke kando orodha, andika tukio. Ilikuwa mahali gani? Alikuwa anafanya nini? Nani alikuwepo? Ulikuwa na njaa au umeshiba, umetoka msibani au harusini? Mpwa wangu mmoja aliandika kwamba kijana wake alimvutia siku alipomwona akimshusha bibi mmoja kwenye daladala ya Pongwe, akambebea kikapu mpaka ng'ambo ya barabara, halafu akakimbilia gari lililokuwa limeanza kuondoka. Mwingine aliandika: "Alikuja na gari jeupe, wenzangu wote wakanyamaza." Msichana huyo aliposoma mwenyewe alichoandika, aliona kwamba katika sentensi yake yule mtu hajafanya lolote. Waliofanya kitu ni wenzake.

Pembeni ya kila tukio weka alama. M kwa mwili, W kwa watu, na alama ya kuuliza pale usipojua. Ukurasa ukijaa alama za kuuliza usihangaike, majaribio yafuatayo ndiyo yatakayozipunguza.

Moyo ukidunda, angalia uko wapi

Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walichapisha jaribio walilofanya kwenye mto Capilano, karibu na Vancouver, Kanada. Juu ya mto ule kuna daraja la kuning'inia, jembamba, linaloyumba mtu akipita, na chini yake kuna bonde lenye kina cha mita 70 hivi. Wanaume waliokuwa wakivuka walisimamishwa na msichana mtafiti aliyewauliza maswali machache, kisha akawapa namba ya simu iwapo wangependa kujua zaidi. Wengine walisimamishwa kwenye daraja imara lililo chini, karibu na maji. Wale wa daraja la juu walimpigia kwa wingi zaidi. Maelezo ya watafiti ni kwamba moyo ulikuwa unadunda kwa hofu ya urefu, na akili ikamwona msichana mbele yake, ikadhani yeye ndiye sababu.

Ninapofundisha tezi za adrenali ndipo ninapolieleza jambo hili. Tezi hizo zimekaa juu ya figo, na zikimwaga adrenalini mapigo yanapanda, viganja vinatoka jasho, mdomo unakauka. Iwe hofu, iwe furaha, iwe mtu uliyemtamani, adrenalini ni hiyo hiyo. Sababu unaitafuta wewe kwa macho, na macho hukamata kilicho karibu.

Sasa fikiria sisi tunakutana wapi. Harusi yenye ngoma mpaka alfajiri, taarabu, mkesha wa Krismasi, uwanja wa Mkwakwani siku Coastal Union inapocheza na African Sports. Siku ya matokeo ya mitihani. Msibani pia, na hili vijana hawalitarajii: mtu aliyekushika mkono siku ya mazishi ya baba yako anaweza kukaa moyoni kwa nguvu ya siku ile, wala si kwa nguvu yake mwenyewe.

Jaribio ni kumwona mtu huyo mara kadhaa mahali pasipo na msisimko wowote. Mchana, si usiku. Foleni ya kulipia maji. Soko la Mgandini asubuhi mnapotafuta nazi za bei nafuu. Kumsindikiza mgonjwa hospitali na kungoja majibu ya maabara mpaka saa nane. Kwa wanaoshika adabu ya kutokaa wawili peke yenu, baraza ya nyumbani pamoja na mdogo wako inatosha kabisa. Kwa kweli inafaa zaidi, maana utaona pia anavyosema na mtoto asiye na faida kwake. Ukirudi, andika. Nilichoka? Nilishika simu? Nilicheka kwa alichosema au kwa kuwa wengine walicheka? Alipoondoka nilitamani abaki, au nilipumua?

Katika majaribio yote ninayotoa, hili ndilo ninaloliamini kuliko mengine. Lifanye hata kama mengine utayaacha.

Harufu

Wanafunzi wangu wanalipenda jaribio la Claus Wedekind wa Bern, Uswisi, lililochapishwa 1995. Wanaume 44 walivaa fulana usiku mbili, wakaoga kwa sabuni isiyo na manukato, kisha wanawake 49 wakanusa fulana hizo bila kujua ni za nani. Kwa wastani walizipenda zaidi harufu za wanaume ambao jeni zao za HLA, zile zinazosaidia mwili kutambua vijidudu, zilikuwa tofauti na zao wenyewe. Waliokuwa wakitumia vidonge vya kupanga uzazi walielekea upande mwingine. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, kwa hiyo silifundishi kama kanuni, na nisingependa msichana yeyote aache dawa aliyopewa kliniki kwa ajili ya fulana za Uswisi.

Lakini pua ina kazi. Huku pwani tunaificha kazi hiyo kwa uzuri mno: udi, asumini, vikuba, mawardi, manukato ya chupa kutoka Dubai. Ukivutwa na mtu anayenukia udi ule ule anaofukiza mama yako Alhamisi jioni, umevutwa na nyumbani kwenu. Kwa hiyo mtembelee au apite siku moja akitoka kazini, kabla hajaoga na kujifukiza, kaeni umbali wa kuzungumza tu. Jiulize jambo moja: unataka kusogea nyuma? Kama hapana, endelea na mengine. Kama ndiyo, na mtu mwenyewe ni msafi, usilidharau, ila usikate shauri kwa siku moja. Rudia.

Mazoea

Uso tunaouona kila siku unakuwa mzuri. Robert Zajonc aliandika juu ya jambo hili 1968, na mwaka 1992 Richard Moreland na Scott Beach walilijaribu darasani kwa namna ambayo mwalimu yeyote ataielewa. Wanawake wanne waliofanana kwa mwonekano waliingia katika vipindi vya chuo bila kuzungumza na yeyote: mmoja hakuhudhuria kabisa, mwingine mara 5, mwingine 10, mwingine 15. Mwisho wa muhula wanafunzi walioneshwa picha zao. Kadiri alivyohudhuria zaidi ndivyo walivyomwona anavutia zaidi, ingawa wengi hawakukumbuka kumwona.

Zamani mazoea yaliletwa na mtaa. James Bossard alipitia vibali vya ndoa 5,000 vya jiji la Philadelphia, akachapisha 1932 kwamba theluthi moja ya wachumba walikuwa wakiishi ndani ya mitaa mitano baina yao. Bibi zetu wa barabara ya kumi na tatu waliolewa barabara ya kumi na tano. Leo mtaa uko kiganjani: mtu anaweka statasi asubuhi, mchana na usiku, na wewe unamwona mara nyingi kuliko unavyomwona kaka yako. Nyamazisha statasi zake kwa wiki mbili. Mwambie wazi kwamba una shughuli, usimtie wasiwasi. Wiki ya kwanza utakosa mazoea. Wiki ya pili angalia unachokosa ni kipi hasa, sura yake au jinsi anavyokuelewa unapoeleza jambo, na ukiandike.

Mazoea yana upande wa pili, na upande huo wazazi wa pwani wanapaswa kuujua. Edvard Westermarck wa Finland alisema 1891 kwamba watoto waliolelewa pamoja tangu wakiwa wadogo sana, hata kama si ndugu wa damu, hawavutani wakikua. Joseph Shepher aliangalia ndoa za vijiji vya ujamaa vya Israeli, kibuzi, ambako zamani watoto walikuwa wakilelewa pamoja kwenye nyumba ya watoto. Katika ndoa 2,769 alizozipitia na kuchapisha 1971, hakukuta hata moja ya wawili waliolelewa kundi moja bila kutengana katika miaka sita ya mwanzo. Arthur Wolf alikuta Taiwan kwamba wasichana walioletwa wachanga kulelewa nyumba moja pamoja na mume wao mtarajiwa walipata watoto wachache na kuachana zaidi kuliko waliokutana wakubwa. Na Justine McCabe, 1983, alikuta jambo la namna hiyo katika kijiji kimoja cha Lebanon kwa waliooana na watoto wa baba mkubwa na baba mdogo.

Kwetu ndoa ya binamu ni halali na wengi wanaiona ya heshima. Lakini kama watoto hao wamelala chumba kimoja na kuogeshwa karai moja, binti akisema "namwona kama kaka yangu", hajawa mkaidi. Mwili wake unasema ukweli wa zamani sana. Nimewahi kukaa mbele ya wazee na kulieleza hili kwa adabu, nikataja Taiwan na nikataja kibuzi, na ninashukuru walinisikiliza. Binamu aliyekulia Pemba au Mombasa, mkaonana likizo tu, ni habari nyingine.

Macho uliyopewa na watu

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa kuwa hakuna anayehisi kwamba macho yake amepewa. Kila mtu anadhani anaona tu.

Chukua unene. John Hanning Speke alipofika Karagwe mwaka 1861, katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Kagera, aliwakuta wake wa nyumba ya kifalme ya Rumanika wakinyweshwa maziwa mpaka baadhi yao hawakuweza kusimama wenyewe, na huo ndio uliokuwa uzuri wa kifalme. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, walioneshwa na watafiti Adam Wetsman na Frank Marlowe michoro ya wanawake. Utafiti wao ulitoka 1999. Wanaume wa Kimarekani waliangalia kiuno chembamba. Wanaume wa Kihadzabe walichagua wanawake wenye mwili zaidi, kiuno hakikuwashughulisha. Mahali ambapo chakula hakina uhakika, mwili wenye akiba ni habari njema. Hata njaa ya saa chache inatosha: mwaka 2006 Viren Swami na Martin Tovée waliwauliza wanafunzi wa kiume wa Uingereza wakati wa kuingia na wakati wa kutoka kwenye bwalo la chakula, na wenye njaa waliwapa alama zaidi wanawake wenye mwili kuliko walivyofanya walioshiba.

Mwaka huo huo Tovée na wenzake walichapisha habari ya Wazulu. Wazulu wa vijijini Afrika Kusini walipenda wanawake wanene kuliko walivyopenda Waingereza. Wazulu waliohamia Uingereza, na hawakuwa na muda mrefu huko, walikuwa katikati. Macho yalikuwa yameanza kuhama pamoja na mizigo yao. Na Fiji, katika jimbo la Nadroga, televisheni ilifika 1995 mahali ambapo wasichana walikuwa wakisifiwa kwa kushiba. Anne Becker alipima hali ya wasichana wa shule wakati ule, akarudi 1998. Waliokuwa na dalili za kula kwa namna ya kudhuru afya walipanda kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2, na kujitapisha ili kupungua, jambo ambalo hakulikuta mwanzo, sasa lilikuwa asilimia 11.3. Miaka mitatu tu.

Urefu je? Wasichana wangu karibu wote wanasema mume lazima awe mrefu kuliko wao, na wanaamini ni maumbile. Rebecca Sear na Marlowe waliwaangalia Wahadzabe tena, wakachapisha 2009: ndoa ambazo mke ni mrefu kuliko mume zilikuwepo kwa kiwango kile kile ambacho kingetokea kama watu wangeoana bila kutazama urefu kabisa. Kumbe hapa hapa Tanzania kuna watu ambao jambo hilo haliwasumbui.

Hata sura ina sehemu mbili. Coren Apicella na wenzake, 2007, waliwaonesha Wahadzabe nyuso zilizochanganywa kwa kompyuta mpaka zikawa za wastani. Nyuso za wastani za Kihadzabe waliziona nzuri kuliko uso wa mtu mmoja mmoja. Nyuso za Wazungu, za wastani au zisizo za wastani, hazikuwa na tofauti kwao. Inaelekea mwili unataka uso wa wastani, lakini wastani wenyewe unaukusanya kutokana na nyuso zilizokuzunguka.

Jaribio lake linauma kidogo. Chukua kila kitu cha sura ulichokiandika kwenye daftari, rangi, urefu, umbo, nywele, kisha andika nani alikifundisha. Jina la mtu au kitu: shangazi fulani, tamthilia ya saa tatu usiku, tangazo la sabuni, wasichana wa bweni. Halafu jiulize kama ungekijali laiti mngeishi wawili kisiwani, hakuna anayewaona. Utakuta baadhi vinabaki. Vile vinavyoanguka, usijichukie kwa kuwa navyo, wote tunavyo; ila usimwoe wala kumkataa mtu kwa ajili ya vitu hivyo.

Kuhusu rangi ya ngozi sitazunguka. Nimewafundisha wasichana walioingia kidato cha kwanza na ngozi nzuri nyeusi, nikakutana nao miaka baadaye wakiwa wamevaa mikono mirefu na soksi katika joto la Februari kwa sababu mkorogo umewaunguza. Wengine walianza kwa neno moja la mchumba: "ukijing'arisha kidogo utapendeza." Zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu hizo huharibu figo, na kwa mjamzito hupita mpaka kwa mtoto tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huacha madoa meusi ya kibuluu ambayo hayatoki. Krimu zenye sumu hizo zimepigwa marufuku hapa nchini, na Rwanda walianza kuzikamata madukani mwishoni mwa 2018, lakini bado zinauzwa kwenye vikopo visivyo na lebo. Upendeleo wa weupe umetoka kwa watu, una historia ya utumwa, ya ukoloni na ya biashara ndani yake, na hakuna mwili wa Kiafrika uliozaliwa nao. Anayekutaka ubadili ngozi ili akupende, andika maneno yake kwenye daftari neno kwa neno, pamoja na tarehe. Kisha mpelekee yule mtu mzima uliyemchagua asome. Mimi nikiletewa daftari lenye maneno hayo, ninasema hapana kabla ya kufungua ukurasa wa pili.

Tena kuna wale tunaowapenda kwa kuwa wanapendwa. Ben Jones na wenzake walionesha 2007 kwamba wanawake walimwona mwanamume anavutia zaidi baada ya kuona picha ya mwanamke mwingine akimtabasamia. Samaki wadogo wanaoitwa gapi hufanya hivyo pia, Lee Dugatkin aliwachunguza. Ukiona mvuto wako ulianza au ulipanda baada ya kusikia fulani naye anamtaka, weka W, upite.

Ungekuwa na mshahara wako

David Buss alikusanya majibu ya watu 10,047 kutoka nchi 33, akayachapisha 1989. Nigeria na Zambia zilikuwemo. Karibu kila mahali wanawake walijali uwezo wa kipato wa mwenza kuliko wanaume walivyojali, na wanaume walijali ujana na sura kuliko wanawake. Wengi wanaishia hapo na kusema hayo ndiyo maumbile. Wanasahau kwamba katika majibu hayo hayo, wema na akili vilikuwa juu kwa wote wawili. Na mwaka 1999 Alice Eagly na Wendy Wood walizirudia takwimu zile zile, wakakuta kwamba pale ambapo wanawake wana nafasi karibu sawa katika kazi na madaraka, tofauti ya wanawake na wanaume katika kutafuta kipato ilipungua.

Kwa hiyo msichana, fanya hivi. Andika bajeti ya maisha yako kana kwamba umeajiriwa: kodi, chakula, nauli, pesa ya kumtumia mama. Ione inatosheleza. Sasa mfikirie yule mtu tena. Bado? Kama moyo umepoa, ulichokuwa ukikitafuta kwake ni usalama, na usalama ni haja ya halali, lakini kuna njia nyingine za kuupata, na nitafurahi kukusaidia kutafuta chuo au mtaji. Kijana wa kiume, wewe andika mke wako akiwa na miaka hamsini, amenenepa au amekonda, anaumwa magoti. Mnazungumza nini jioni? Kama ukurasa unabaki mtupu, kaa naye tena barazani na umuulize mambo.

Jambo ambalo mvuto hauwezi kukuambia

Umemaliza majaribio, daftari limejaa, na bado unamtaka. Vizuri sana. Limebaki moja, na hili ni la maabara.

Hakuna pua wala jicho linaloweza kuona sikoseli kwa mtu aliyebeba kinasaba kimoja tu. Mtu huyo, tunayemwita AS, anacheza mpira, anabeba magunia, na malaria kali haimshiki kirahisi kama inavyomshika wa AA, asiye na kinasaba hicho; ndiyo maana kinasaba hicho kimedumu katika maeneo yenye mbu, pwani yetu na kanda ya ziwa. Lakini AS wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye SS, yaani mgonjwa. Kila mimba peke yake. Wapo wanaodhani wakizaa mgonjwa mmoja basi watatu wanaofuata wako salama, na nimelifuta wazo hilo ubaoni mwaka baada ya mwaka. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye sikoseli kila mwaka, idadi ambayo ni kati ya kubwa kabisa duniani.

Nendeni wawili, asubuhi, kabla mshenga hajatumwa na kabla hesabu ya mahari haijatajwa, kwa sababu watu wakishashika pesa ni vigumu kurudi nyuma. Uliza katika hospitali ya mkoa kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Kipimo cha kawaida cha wingi wa damu hakioneshi AS, kwa hiyo usikubali kuambiwa "damu yenu nzuri" ukaondoka. Pimeni na virusi vya UKIMWI siku hiyo hiyo, kila mmoja akae na mwenzake wakati wa kupokea majibu kama wote mmeridhia.

Mmoja akiwa AA na mwingine AS, hamtazaa mtoto wa SS, tangazeni posa. Wote mkiwa AS, msiamue siku hiyo. Ombeni kuonana na mshauri wa hospitali, halafu nendeni mkaone kliniki ya sikoseli siku ya watoto, mkae kwenye benchi na wazazi, muwaulize usiku wa maumivu unakuwaje na dawa wanazipataje. Baada ya hapo njooni, nitawapikia chai, tuzungumze sote watatu.